Jack Kirby: Aliyechora Wakanda akalipwa kwa ukurasa

Usiku wa Februari 13, 2018, Kisumu iligeuka Wakanda. Filamu ya Black Panther ilionyeshwa hapa kwetu siku chache kabla ya kuanza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani. Sababu unaijua: Lupita Nyong'o yumo ndani, na babake, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye gavana wetu. Mimi sikuwa na tikiti. Nilisimama nje na wenzangu tukiangalia watu waliovalia kama wanaoenda harusi ya mfalme.

Wiki hizo hizo wauzaji wa komiki za zamani kule Marekani na Uingereza walikuwa na sherehe yao. Kila mtu alikuwa anatafuta toleo la 52 la Fantastic Four, la Julai 1966. Humo ndimo T'Challa, mfalme wa Wakanda, alionekana kwa mara ya kwanza duniani. Lilipotoka liliuzwa senti 12 za dola. Leo nakala iliyotunzwa vizuri inauzwa maelfu ya dola.

Hebu nikwambie nilivyokuja kujua mambo haya, ingawa bado yananiuma.

Mwaka mmoja kabla ya filamu nilikuwa nimeacha chuo. Karo iliisha, nami nikaishiwa na visingizio. Jumapili nilikuwa naenda soko la Kibuye kupekuapekua marundo ya vitabu vya mtumba, nanunua vya bei ya chini kisha nauza kwa simu. Siku moja, chini ya vitabu vya hesabu vilivyochorwachorwa na watoto wa watu, nikapata komiki ya Black Panther ya mwaka 1977. Nililipa bob 30. Nikamuuzia mteja mmoja kwa bob 400, na nikajiona mfanyabiashara.

Baada ya filamu nikaingia mtandaoni kuangalia bei. Toleo kama lile watu walikuwa wakiliuza kwa pesa inayozidi kodi ya chumba changu. Sikulala. Lakini nilikumbuka jina moja lililokuwa kwenye ukurasa wa kwanza, la mtu aliyeandika hadithi na kuichora mwenyewe: Jack Kirby. Nikaanza kusoma habari zake. Nilipomaliza, bob 400 zangu nikaziona kama mzaha tu.

Alizaliwa Agosti 28, 1917, jijini New York, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka himaya ya Austria. Baba alishona nguo kiwandani. Mtaa wao, Lower East Side, ulikuwa na msongamano mkubwa: familia nzima katika vyumba viwili vitatu, ngazi zenye giza, watoto barabarani. Ukikulia Obunga au Nyalenda, huhitaji maelezo zaidi. Vijana wa barabara moja walipigana na vijana wa barabara nyingine, hadi juu ya mapaa. Jacob alikuwa mfupi, na wafupi hujifunza kupigana mapema.

Yeye mwenyewe alipokuwa mzee alipenda kusimulia jinsi alivyoona gazeti la hadithi za sayansi likielea kwenye maji ya mtaro siku ya mvua. Juu yake palikuwa na picha ya roketi. Aliliokota akalificha, maana mtaani kwao kijana kuonekana na kitu cha kusoma kulikuwa ni kujitafutia kichapo. Kwa hiyo hata bwana huyu safari yake ilianza na karatasi iliyotupwa.

Alipofika miaka 14 alijiunga na chuo cha sanaa cha Pratt. Akatoka baada ya wiki moja hivi. Walitaka mtu anayechora polepole na kwa utulivu. Yeye mkono wake ulikuwa na haraka. Mimi nilikaa chuoni kuliko yeye, kwa hivyo angalau hapo nimemshinda!

Kazi ya kwanza ya maana aliipata katika studio ya Fleischer, waliokuwa wakitengeneza filamu za katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kuchora zile picha za katikati, hatua moja kabla ya mkono kuinuka na hatua moja baada ya mkono kuinuka, mchana kutwa. Akaona ni kiwanda kama cha babake, tofauti ni kwamba badala ya sindano kuna penseli. Akaondoka. Akaingia kwenye komiki, biashara iliyokuwa changa, na baada ya kubadilisha majina ya kalamu mara kadhaa akabaki na Jack Kirby.

Huko akakutana na Joe Simon, na wawili hao wakatengeneza Captain America. Toleo la kwanza liliingia madukani Desemba 1940. Kwenye jalada, shujaa anamtandika Hitler ngumi ya taya. Kumbuka Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia mwaka mmoja baadaye. Kuna Wamarekani waliokasirika na wakatuma vitisho. Lakini wanunuzi waliokuwa na senti kumi walikuwa wengi zaidi: nakala karibu milioni moja zilitoka.

Simon na Kirby walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida. Kwa maelezo ya Simon, pesa zilizokuja hazikufanana na ahadi. Baada ya matoleo kumi wakahamia kampuni nyingine. Captain America alibaki nyuma, mali ya kampuni. Mwezi Aprili 2022, nakala moja ya toleo lile la kwanza iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni tatu. Ni kijitabu cha senti kumi, ndugu yangu.

Mwaka 1942 Kirby alimwoa Rosalind, aliyejulikana kama Roz, msichana jirani yao. Mwaka uliofuata jeshi likamwita. Aliteremka ufuo wa Normandy, Ufaransa, Agosti 1944. Huko kipaji chake kikawa hatari kwake: wakubwa waliposikia anajua kuchora, walimtuma mbele kupeleleza na kuchora ramani za mahali adui alipo. Msimu wa baridi wa mwaka huo miguu yake iliganda kiasi kwamba madaktari walifikiria kuikata. Ilipona, akarudi nyumbani mwaka 1945.

Wakati mashujaa walipopungua soko, yeye na Simon walianzisha komiki za mapenzi mwaka 1947, na zikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Kisha mwaka 1954 wanasiasa wa Marekani wakaanza kusema komiki zinaharibu watoto. Kamati ya Seneti ikakaa, wachapishaji wakaweka sheria kali za kujichuja, na makampuni mengi yakafunga. Kirby alikuwa na mke, watoto na nyumba ya kulipia. Akabisha hodi tena kwa mchapishaji yule yule aliyemwacha enzi za Captain America. Kampuni hiyo ndiyo tunayoiita Marvel.

Hapa ndipo hadithi inapopata moto. Kuanzia 1961, akiwa na mhariri na mwandishi Stan Lee, Kirby alichora Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na Avengers. Alikuwa akifanya kazi nyumbani, katika chumba kidogo chini ya ardhi kisicho na dirisha la maana, sigara mdomoni, hadi usiku wa manane. Kuna miezi alitoa kurasa mia moja. Mara nyingi wawili hao walizungumza hadithi kwa kifupi, Kirby akaenda kuijenga picha kwa picha, kisha Lee akaongeza maneno. Nani hasa alibuni nini ni ubishi unaoendelea hadi leo, na wote wawili wamekufa.

Lakini ubishi haupo kwenye malipo. Lee alikuwa mwajiriwa. Kirby alikuwa kibarua wa kulipwa kwa ukurasa. Ukurasa ukipokelewa analipwa mara moja, basi. Filamu ikitengenezwa, sanamu zikiuzwa, fulana zikichapishwa, jina lake halimo kwenye hesabu.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1966, akaja T'Challa. Katika komiki za wakati huo Mwafrika alikuwa mbeba mizigo au mtu wa kutishwa na tochi. Huyu alikuwa mfalme, msomi, mwenye nchi yenye mitambo ambayo wazungu wa kwenye hadithi waliishangaa. Kenya yenyewe ilikuwa haijafikisha miaka mitatu ya uhuru. Mwaka huo ndio Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais. Sidhani Kirby alijua Kisumu iko wapi. Lakini Myahudi yule wa mtaa wa maskini alichora Mwafrika asiyeinamia mtu, na miaka 52 baadaye picha yake ikatufikia hapa ziwani.

Mwaka 1970 alichoka. Aliomba kandarasi nzuri hakupata, akahamia kwa washindani, DC, akabuni ulimwengu mzima wa miungu wapya, pamoja na yule mbaya Darkseid. Komiki hizo zilifutwa kabla hajamaliza hadithi. Akarudi Marvel, na mwaka 1977 akapewa Black Panther aandike na kuchora peke yake. Alifanya matoleo 12. Wasomaji wa wakati huo hawakuzipenda sana. Moja ya nakala za mwaka huo ndiyo iliyosafiri, sijui kwa njia gani, hadi kwenye rundo la Kibuye.

Baadaye aliacha komiki akaenda kuchorea filamu za katuni za televisheni. Hapo, akiwa na miaka zaidi ya 60, ndipo alipopata mshahara wa kueleweka na bima ya matibabu.

Sasa sikiliza hii. Michoro asilia, zile karatasi alizogusa kwa mkono wake, zilibaki kwenye maghala ya kampuni. Miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji karatasi zao. Wengine walitia sahihi fomu ya ukurasa mmoja. Kirby alipewa hati ya kurasa nne, ya kukubali kwamba hana dai lolote juu ya mashujaa wale, na akitia sahihi angerudishiwa kurasa 88. Mtu huyu alikuwa amewachorea zaidi ya kurasa 10,000! Nyingine zilikuwa zimeshaibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji. Alikataa. Wachoraji wenzake na mashabiki walipiga kelele miaka mitatu. Mwaka 1987 alirudishiwa takriban kurasa 2,000. Asante ya punda ni mateke, lakini kwake hata mateke yalikuja na fomu ya kutia sahihi.

Nikisoma hapo nilimkumbuka Luanda Magere. Kila mtoto wa Kano anajua kisa chake: mwili wa jiwe, mkuki haupenyi, maadui wamechoka. Kisha mke aliyeletwa kutoka kwa maadui akagundua kwamba nguvu zake zimo kwenye kivuli. Wakakichoma kivuli, akaanguka, akawa mwamba. Kirby naye hakushindwa na vita, wala baridi, wala wanasiasa. Walimpatia kwenye karatasi ambazo hakuwa anazisoma kwa makini, kwa sababu kulikuwa na ukurasa mwingine wa kuchora na watoto walitaka kula.

Alifariki Februari 6, 1994, nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na miaka 76. Hakuona filamu hata moja kati ya zile kubwa. Roz alimfuata mwaka 1997.

Mwaka 2009 Disney ilitangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni nne, na watoto wa Kirby wakadai haki za baba yao. Mahakama ziliwaambia hapana: kazi ilikuwa ya kuajiriwa, mali ni ya kampuni. Wakapanda hadi mlango wa Mahakama ya Juu. Septemba 2014, siku chache kabla majaji kuamua kama watalisikiliza ombi lao, pande mbili zikapatana kimya kimya. Tangu hapo jina lake linatajwa wazi zaidi. Black Panther iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 ina jina la Jack Kirby mwishoni, pale ambapo wengi wetu tunakuwa tumeshainuka kutafuta matatu.

Jambo moja zaidi. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020. Ni siku ya kuzaliwa ya Kirby. Sina maelezo, nakupa tu tarehe.

Kifo hicho na ile miaka ya korona, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani na pesa mkononi, vilipandisha tena bei za komiki za zamani. Vijana wengi wa huku wameniuliza kama kuna biashara hapo. Ipo, lakini usiingie kama nilivyoingia mimi.

Kwanza, uzee peke yake si mali. Thamani iko kwenye uchache na kwenye toleo ambamo mhusika anaonekana mara ya kwanza. Komiki za miaka ya 1940 ni ghali kwa sababu nyingi zilikusanywa zikasagwa wakati wa vita, na nyingine zikatupwa na akina mama. Toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991 lilichapwa nakala zaidi ya milioni nane, kila mtu akaficha yake akisubiri utajiri. Bado wanasubiri. Soko lile lilianguka, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Pili, hali ya nakala ni kila kitu. Angalia jalada, angalia kama pini zina kutu, hesabu kurasa, tazama kama kuna mtoto aliyejaza fumbo kwa kalamu. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni Marekani inayokagua komiki, inaipa alama hadi 10, na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Tofauti ya alama moja inaweza kuwa tofauti ya pikipiki. Nasi huku ziwani tuna unyevu, vumbi na mchwa. Weka kwenye mfuko wa plastiki na kadibodi nyuma yake, mbali na jua na ukuta.

Tatu, bei ya filamu hupanda kabla ya filamu. Ukisikia kelele, umechelewa. Walionunua wakati kila mtu ananunua, mwaka 2021, wengi wao waliona bei ikiteremka mbele ya macho yao.

Na nne ndiyo inayonisumbua usingizini. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, limebaki wapi? Vibonzo vya Frank Odoi, Mghana aliyehamia Kenya na kutuchorea Akokhan, nani anavyo? Shujaaz iligawiwa bure kuanzia 2010, ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa, na nina hakika nakala nyingi zimefungiwa njugu na kuwashia jiko. Wamarekani nao walidhani komiki zao ni takataka. Sisi bado tuko kwenye hatua ya takataka, na hapo ndipo mtu mwenye bob 30 ana nafasi.

Nimeanza kukusanya. Nina nakala 61 za Shujaaz kwenye sanduku la bati, na nusu ya Joe moja iliyoliwa na panya. Sijauza hata moja.

Pia nimejifunza kuchora kidogo. Mwezi jana kampuni moja ilinitumia ujumbe ikitaka michoro kumi ya tangazo, malipo kwa mchoro, na hati ya kurasa mbili nitie sahihi kabla ya saa kumi jioni. Nilihitaji hizo pesa, nisikudanganye. Niliwaambia wanipe hadi kesho yake, nikaketi Dunga kando ya maji nikaisoma neno kwa neno. Kwenye kipengele cha sita niliandika pendekezo langu la kubadilisha, nikarudisha.

Hawajajibu. Hati ninayo bado, na kalamu ninayo.